Deogratias Kondo, Mgonjwa Aliyeandikwa Mhalifu

Wazee wetu, shikamooni, na vijana tulieni, maana haya hayasomwi mara mbili.

Mpendwa wetu Deogratias Kondo alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Magomeni, Kilosa, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1967 hadi 1973, darasa la saba akalimaliza kwa mbinde, na mwalimu wake aliyekaa pale mbele asijifanye amesahau viboko. Mwaka 1976 aliajiriwa shamba la mkonge, akawa mkataji ambaye wilaya nzima hakuna aliyemfikia, na anayebisha asimame. Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Devota, aliyekuwa amemkataa mara mbili, wakajaliwa binti mmoja, Anastazia.

Mwaka 1992 shamba liliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akahamia Mikumi kukaanga chipsi kwenye maegesho ya malori, na huko, Februari 1994, akaanza kuugua akili, akawa anasimamisha malori na kuwauliza madereva wamepeleka wapi mkonge wake. Kaka yake, Paulo, alikwenda polisi kuomba gari la kumpeleka hospitali, akajibiwa kwamba wao hawabebi wagonjwa, wanabeba wahalifu, basi jioni akarudi, akaandikisha kuwa mdogo wake kamtishia kwa panga, na gari likafika kabla chai haijapoa. Lilimpeleka mahabusu, akakaa miaka mitatu na miezi miwili kesi ikiahirishwa, mpaka mahakama ilipoona ni mgonjwa ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, ambako kwa dawa alipata nafuu, akarudi Magomeni Juni 1999.

Hapa alifanya ufundi wa baiskeli, na ninyi majirani mliomletea baiskeli mlisimama mbali, mkinong'ona, "Yule wa panga," mkiwaita watoto ndani. Alimwomba Paulo jambo moja tu, aseme ukweli mbele ya watu, na Paulo kila siku akasema kesho, hadi homa ya mapafu ilipomchukua Deogratias tarehe 6 Agosti 2003.

Sasa Paulo amesimama kando ya jeneza, kofia mkononi, na ameagiza isomwe kwa sauti: panga halikuwepo, mdogo wake hakumtishia mtu, aliumwa, na aliyedanganya ni yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na ninyi majirani, ambao tunawaomba msogee mmbebe.

Pumzika kwa amani, Deogratias, huna kesi.