Nasambu Asihamishwe: Risala ya Wenye Kipandauso wa Nyalenda

KARIBU

Mgeni rasmi, Daktari Valerie Wahu wa afisi ya afya: Kisumu nzima hakuna kikundi chenye shingo laini kama chetu. Tungeinuka sasa tukuonyeshe, ila mmoja wetu akigeuka haraka hutapika, na viatu vyako tunaona ni vipya. Karibu Nyalenda.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wa kipandauso, yale maumivu yanayokamata upande mmoja wa kichwa mpaka mwanga wa mlangoni unakuwa adui. Tukusimulie ya mmoja tu, Mama Aoko, ambaye ndiye anayekusomea. Tulimchagua kwa kuwa alimaliza darasa la saba na hasahau alilotendewa.

Aoko hukaanga samaki sokoni Kondele. Alasiri moja vimulimuli vilianza kucheza pembeni mwa jicho lake, kisha nusu ya karai ikapotea. Alijua mafuta yanachemka hapo, lakini hakuyaona. Mkono ukabaki hewani, hajui aushushe wapi. Tangu siku hiyo aliogopa karai, akaogopa jua, mwisho akaiogopa shingo yake mwenyewe. Akawa anatembea kama aliyebeba mtungi. Dirishani akatundika blanketi, mwanga usiingie.

TULICHOPATA

Akaletwa kwa Bi. Nasambu, mtaalamu wa tiba ya viungo wa zahanati hii.

"Mama, geuza shingo polepole."

"Na kichwa kikipasuka, utakishona wewe?"

"Basi geuza mpaka pale woga unapoanza. Tutaanzia hapo."

Wakaanzia hapo. Mabega, shingo, kisha matembezi ya taratibu kuelekea ziwani kabla jua halijawa kali. Siku ya maumivu halazimishwi mtu, unalala. Dawa za daktari hatukuziacha. Kupona hatujapona, mgeni rasmi. Ila maumivu hayaji mara nyingi kama zamani, na Aoko amerudi kwa karai lake.

TUNACHOOGOPA

Tumesikia Nasambu anapelekwa Bondo na chumba chake kinageuzwa stoo ya neti za mbu, eti kwa kuwa wagonjwa wake wamepona. Kosa ni letu. Kwetu mgeni akija, kibaya hufichwa. Watu wa afisi yako walipotutembelea, Aoko alikuwa amezidiwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Dishon Ooko, akamsukuma nyuma ya jikoni na kitambaa usoni, kisha akatangaza: "Sisi wote hapa ni wazima!" Aoko alimsikia. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele yake mwenyewe ingemmaliza.

Sasa haogopi kichwa tu. Anaogopa asubuhi atakayokuta kufuli kwenye mlango ule, na Kondele mafuta yanamngoja, na nusu ya dunia inapotea tena, wala hakuna wa kumwambia aanzie wapi.

TUNACHOOMBA

Tuachie Nasambu. Tuachie chumba. Neti haziumwi kichwa, zinaweza kulala popote.

Mungu akufikishe nyumbani na kichwa chepesi. Na amhurumie mwenyekiti, ambaye tuna hakika amekuambia langoni kwamba hajaumwa tangu Krismasi. Ngoma zilizokupokea aliziita yeye, ili uamini kwamba sote ni wazima. Maneno haya tuliyaandika jana, maana tunamjua, na tunajua ngoma humfanyia nini kichwani: mgeni rasmi, geuka polepole umtazame.

Ni sisi, Kikundi cha Shingo Taratibu, Nyalenda, pamoja na huyo aliyefumba macho na kushika kichwa.