Binti Anayechelewa Kuingia

Msichana alikuwa njiani kwenda studio kurekodi wimbo wake wa kwanza, akajikuta amekaa kwenye treni nyuma ya watu wawili wanaomteta bila kujua kuwa yupo.

"Yule binti anayeimba pale hotelini, sauti anayo, mama, lakini anachelewa," alisema mzee mmoja, fundi saa, mkoba wa vifaa magotini. "Muziki umeshafika, yeye bado yuko njiani. Mimi nabaki roho juu, kama nasubiri mgonjwa avute pumzi."

"Si ndiyo jazi yenyewe, mzee wangu, mwimbaji huchelewa makusudi," alijibu jirani yake, mshonaji mwenye futi shingoni.

"Jazi au uvivu?"

Msichana akashusha kofia hadi kwenye nyusi. Juzi tu prodyuza alimwambia hayohayo: aimbe sawasawa na ngoma, wimbo uuzike, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

"Kwani umemsikiliza mara ngapi?" mshonaji akauliza.

Fundi akakohoa. "Kila Jumamosi, tangu mwezi wa tatu."

"Makubwa! Mtu anakukera, na kila Jumamosi uko mbele yake?"

"Nakwenda kuangalia kama amejirekebisha."

Mshonaji akacheka hadi futi ikamdondoka. Treni ikasimama. Fundi akatazama saa yake, akashuka akiuimba taratibu wimbo wa binti yule. Alipofika kwenye kiitikio akanyamaza, akasubiri, ndipo akaingia. Alichelewa palepale anapochelewa msichana.