Mkwe Anastaafu: Mtu Aliyeanza na Nyumba Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msimamizi wa chumba cha mitambo katika kampuni yetu ya simu na intaneti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake liko kwenye barua za ofisi. Sisi tunamwita Mkwe. Akiingia nyumba ya mteja huvua viatu, hukaa ukingoni mwa kiti na kukataa hata maji, utadhani kaja kuposa.

Alianza kwa kuvuta kebo juu ya nguzo, akapanda hadi kutunza makabati ya mitambo, yale yanayovuma mpaka unafika nyumbani bado unaongea kwa kupayuka. Kampuni ilipoamua kazi ya makabati ifanywe na programu ndani ya seva chache, wengi tulinung'unika. Yeye akasema, "Jamani, maji yameshamwagika. Anzeni na kwangu."

Ndiyo ilikuwa desturi yake: kila badiliko lilijaribiwa kwanza mtaani kwake. Mtandao ukiyumba, mkewe alitupigia kabla ya mteja yeyote: "Shemeji zangu, leo mmevuruga nini tena?" Asipopiga, tulijua mambo shwari.

Siku ya kuhamishia mtaa ule kwenye mfumo mpya, shemeji hakupiga. Tulipongezana, Mkwe akaagiza soda. Hakuna aliyekumbuka kwamba simu ya mezani ya shemeji nayo ilipita kwenye kebo ileile ya mtandao: ukiyumba aliweza kupiga, ukizimika kabisa hawezi. Mtaa mzima ulikuwa umezimika huku kioo cha seva kikituonyesha kijani. Shemeji alikuwa mgonjwa wa moyo. Mkwe aliporudi nyumbani alimkuta sakafuni amekata roho, mkono wa simu kifuani. Simu yake ya mkononi ilikuwa chumbani ikichaji.

Tulidhani hatarudi kazini. Alirudi baada ya msiba, amekonda, utani umemwisha, akaweka sharti moja: mtaa usihamishwe bila mmoja wetu kuketi palepale mpaka simu za watu ziite. Mji wote umehamishwa hivyo, na hakuna nyumba nyingine iliyodhurika. Wakubwa wanayaita mafanikio. Ni mafanikio kweli, na yanatuuma.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba tukakate kebo ya nyumbani kwake. Tulikwenda jana. Alitushikia ngazi.

Mkwe, asante kwa kutulea kazini, na pole, pole sana. Tunakuombea afya na usingizi mzuri. Ila kimya chako hatutakihesabu kuwa heri: tutakuja kubisha hodi, na usipoitika tutavunja mlango.