Kiti cha Joto Alichopewa Ravdna

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vueni makoti, mimineni kahawa, kaeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ravdna. Ravdna wa mtoni, mchungaji wa kulungu wa theluji, tuliyemzika Jumamosi hapa kijijini kwetu. Nawaambia mapema, habari hii ina uchungu. Nilitaka kuikata nusu. Lakini kaka yake, Áslat, alinipigia simu mwenyewe akasema, "Sema yote. Usinistiri." Haya basi, nasema yote.

Mnamkumbuka alivyokuwa. Mdogo wa mwili, mkali wa ulimi. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza ana kulungu wangapi. Ravdna akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe, baba, benki una ngapi?" Yule mgeni alimaliza mchuzi wake, akaaga.

Ravdna alirithi kitu kimoja ambacho kaka yake hakurithi. Mama yao, marehemu Gáddjá, alimwonyesha maziwa mawili ya samaki wale wa tumbo jekundu. Moja la karibu, moja la mbali. La karibu ni la kula. La mbali ni la mwaka wa shida. Nanyi mnajua desturi yetu: aliyeonyeshwa ziwa hulifungia mdomo, mpaka siku atakapomwonyesha mmoja wa baada yake. Áslat hakuonyeshwa. Mama alisema, "Huyu ukimwambia Jumatatu, Jumanne watalii wanajua." Na kweli, Áslat alipokua alijenga vibanda vya wageni kule barabarani.

Halafu Ravdna akaanguka kwenye mteremko, nyonga zikaharibika. Akikaa kwenye pikipiki ya theluji, baridi ya kiti ilimpanda kiunoni mpaka machozi yakamtoka. Daktari akamwambia aache. Kuacha! Aache kulungu, aache barafu, akae dirishani kama paka?

Ndipo Áslat alipokuja na zawadi. Kiti cha joto. Kinakula umeme wa pikipiki yenyewe, unabonyeza swichi, kinapata moto. Alikifunga kwa mikono yake, uani kwa dada yake.

"Kaa, dada. Kaa tu uone."

Ravdna akakaa. Kisha akaanza kulia, akimpiga kaka yake mgongoni kwa ngumi. "Mshenzi wewe, Áslat! Umenirudishia miaka yangu!"

Masika yale, barafu ikiwa bado ngumu, alikwenda ziwa la karibu, akavua, akagawa samaki kijiji kizima. Hata mimi nilipata. Masika yaliyofuata alikwenda tena. Akakuta barafu imetobolewa kila mahali. Vipisi vya sigara, maganda ya soseji, matumbo ya samaki wadogo ambao hata hawakustahili kuvuliwa. Alikaa kutwa nzima na ndoano yake haikuguswa hata mara moja. Maji yetu ni baridi, samaki wake hukua polepole. Ziwa likishakombwa namna ile, aliyelikomba atazeeka kabla halijarudi.

Aliendesha moja kwa moja mpaka kwa kaka yake.

"Wamelimaliza, Áslat. Ziwa la mama, wamelimaliza."

"Nani?"

"Ningejua ningekuwa hapa nalia? Ningekuwa mlangoni kwake na shoka!"

Áslat akammiminia kahawa. Akamwekea kipande cha jibini ndani, kama anavyopenda. "Pole, dada. Watu wa kusini hao, hawana haya." Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Sasa itabidi uende lile la mbali?"

"Itabidi," akasema Ravdna. Wala hakushtuka. Angeshtuka kwa nini? Huyu ni kaka yake.

Wasikilizaji wapendwa, wiki ile ile kiti kikapoa. Swichi ukiibonyeza, taa inawaka, kiti ni barafu. Na safari ya mbali bila kiti, kwa nyonga zile, haiwezekani. Ravdna angeweza kumwita Áslat, fundi aliyekifunga. Lakini Áslat alikuwa na wageni, na Ravdna hakupenda kumsumbua. Akamwita Biret. Biret ni binti wa Áslat, mtu mzima, anauza katika duka la ushirika. Shangazi na mpwa wake walikuwa chanda na pete.

Biret alinisimulia. Shangazi alianza na fyuzi. Nzima. Akachomoa plagi ya kiti, akapima nyaya za joto zilizo ndani yake kwa mita. Nzima pia, hazijakatika. Akachomeka tena, akawasha injini, akapima umeme unaofika kitini wakati kinafanya kazi. Mita ikaonyesha umeme dhaifu. Betri ilikuwa na nguvu zake zote.

"Kuna mahali njiani unaliwa," akasema Ravdna. "Lete taa."

Akaufuata ule waya mwekundu kwa vidole, kutoka kitini kurudi mbele. Chini ya tangi akakuta kibanio cha plastiki, kile cha kuchopoa umeme kwenye waya bila kuukata. Kilikuwa kimeung'ata waya vibaya. Maji ya theluji yameingia, shaba imekuwa kijani, imebaki nyuzi chache tu. Ugonjwa ndio huo. Kiti kilikuwa hakina kosa.

Lakini kibanio kinauchukua umeme kuupeleka wapi? Kutoka pale kulikuwa na waya mwembamba mweusi. Wakaufuata. Ukawapeleka kwenye kidude kidogo kama kiberiti, kimegandishwa kwa gundi. Ndani yake, laini ya simu.

Ravdna akakigeuza geuza. "Hiki nacho ni cha kazi gani?"

Biret alisogeza taa karibu. Alikuwa ameviona vidude hivyo mara nyingi. Baba yake huvifunga kwenye pikipiki anazokodisha, ili aone kwenye simu kila mgeni alipo.

"Shangazi," akasema, "hiki ni cha baba."

Ravdna aliketi sakafuni, nyonga na yote. Biret anasema hakulia. Alisema tu, "Na akanimiminia kahawa." Akarudia tena. "Biret, akanimiminia kahawa."

"King'oe, shangazi! Kitupe motoni!"

"Kiache. Nikikitoa atajua kwamba najua, atatafuta njia nyingine."

Akakata sehemu iliyooza, akaunganisha waya upya, akalehemu, akafunika vizuri maji yasiingie. Na ule waya mweusi nao akaurudisha, tena safi kuliko ulivyofungwa. Akawasha. Kiti kikapata joto. Akaweka kiganja juu yake muda mrefu.

Tangu siku ile Ravdna aliendesha kwenda dukani, kanisani, kwa kulungu wake. Alikwenda hata kwa Áslat, akanywa kahawa yake, akazungumza habari za upepo. Ziwa la mbali hakuligusa. Yeye, binti wa Gáddjá, akawa ananunua samaki wa pakiti!

Nilimuuliza Áslat kwa nini alimfuatilia dada yake na kuwapeleka wageni ziwani. "Mimi pia ni mtoto wa mama," akasema. "Hakunionyesha hata dimbwi." Nilimwonea huruma, nakiri. Lakini huruma hiyo haikunipoza hasira. Kisha akasema, "Kila siku nilitazama kile kitone cha pikipiki yake kwenye simu. Dukani, kanisani, nyumbani. Nikaelewa kwamba amejua. Nikaogopa kuuliza, mpaka amekufa."

Masika ya mwisho kitone kilikaa nyumbani siku kadhaa. Áslat akadhani dada anaumwa. Kumbe pikipiki ndiyo iliyokuwa uani. Ravdna alikuwa amelazwa kwenye sleji, amefunikwa ngozi, na Biret anamvuta kwa miguu juu ya mbao za kutelezea theluji. Maumivu yakizidi, Ravdna alikuwa anapiga kelele, "Vuta, dume langu la kulungu! Mkate wote ule niliokulisha ulikwenda wapi?" Walifika ziwa la mbali. Akamwonyesha.

Jumamosi, baada ya mazishi, tulikaa ukumbini kula. Biret akaleta sinia ya samaki, tumbo jekundu, wanene, ambao hatujawaona kwa miaka. Áslat alipokea sahani yake, akawatazama. Ukumbi mzima ulimsikia akiuliza.

"Biret, mwanangu. Hawa wametoka wapi?"

Biret akamsogezea chumvi. "Kula, baba."

Akala, machozi yakimdondokea sahanini.

Tunatoa pole kwa Biret. Tunatoa pole kwa Áslat, ndiyo, naye pia, maana amefiwa na dada, na alikuwa amempoteza kabla hajamzika. Wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Leo mtazame nduguyo, ujiulize kama bado anakwambia anakokwenda. Kama hakwambii, usianze kumlaumu. Mfuate wewe, angali hai, ukamwambie ulichomfanyia.