Msumeno Unaovuta Kushoto

"Kikao cha Tatu cha Dharura cha Familia Kuhusu Matengenezo au Ubadilishaji wa Mtambo wa Kupasulia Mbao." Nilikuomba unisomee, Katibu mwanangu, umenisomea, na sasa weka kalamu chini. Wewe ndiwe mzaliwa wangu wa kwanza, na tangu upate kiti katika ofisi ya ardhi huwezi kuona watu watatu wamekaa pamoja usiwafungulie jalada. Kikao cha kwanza mliunda kamati ndogo. Mko watatu, mkaunda kamati ndogo ya wawili, wa tatu akawa mwalikwa! Kikao cha pili kamati ikaomba muda. Leo mmekileta kikao cha tatu hadi kitandani kwangu, kwa kuwa daktari amewanong'oneza mlangoni, na mimi masikio yangu hayaumwi. Basi mimi sina muda wa kuombwa. Sikilizeni, wanangu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda, haina ya kurudi.

Nigeuzeni kidogo. Hapo. Hapana, ulalo ule ule wa mwanzo. Basi, acheni, hakuna upande ulio mzuri.

Fundi, binti yangu, kaa nikuone, usijifiche nyuma ya kaka yako. Watu walinicheka nilipokutia karakana, wakasema msichana wa kushika randa atashikwa na nani, na leo hao hao hukujia na droo zao zilizokwama wakiziita "tatizo dogo tu, dada". Na wewe Kitinda, mwanangu wa mwisho, mwenye ulimi wa kumuuzia kitanda mtu anayelala chini kwa kupenda, iache hiyo simu mfukoni. Anayekupigia namjua. Tutamfikia.

Nyumba ni yenu watatu, na hati yake aishike Katibu, maana karatasi humtii kuliko watu wanavyomtii. Karakana na zana zote za mkono, randa, patasi na misumeno midogo, ni vya Fundi, na asitokee mtu wa kusema huyu kesho ataolewa; akiolewa, ataolewa na patasi zake. Zile mbao zilizokaukia darini, nilizokataza zisiguswe, ni za Kitinda, ila asiuze hata moja kabla hajajua kuipiga randa ikalainika, kwa kuwa anayeuza asichokijua huishia kuuza asichokuwa nacho. Deni langu ni kabati la yule mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Amelisubiri mpaka nguo zake zimezoea sanduku. Milango ipo, imebaki bawaba. Limalizeni kabla hamjaanza kunililia kwa nguvu, kwa sababu mkishaanza najua hamtaacha, na yeye ni mpole, hatawakatiza.

Hayo ni mepesi. Lililoninyima usingizi ni msumeno.

Chumba hiki na karakana vinagawana ukuta mmoja. Tangu kitanda kinikamate, kazi yangu ni kuusikiliza. Ukipita kwenye ubao laini huimba, ukifika kwenye fundo hukohoa, nami hukohoa nao kama wake wenza wanaojibizana. Ukiwaka silali kwa kuusikiliza, ukizimwa silali kwa kungoja uwake. Na juzi, wanangu, ulikohoa, kikafuata kishindo, kikafuata kimya. Kimya kile nakijua. Nilikisikia siku baba yenu alipoacha vidole viwili juu ya meza ile. Niliita, hakuna aliyeitika. Nikataka kushuka, miguu ikanikana. Ndipo Fundi akaingia, vumbi hadi kope, akaniambia, "Si kitu, mama, ubao umerudi tu." Umerudi tu! Ubao umerushwa nyuma kama mshale, umempita ubavuni, umetoboa mlango uliokuwa tayari kwa mteja. Angekuwa amesimama pale wanaposimama maseremala wengine wote, leo ningekuwa nawausia watoto wawili.

Na mbona hakuwa amesimama pale? Hapo ndipo kamati yenu haikufika.

Msumeno ule unavuta kushoto. Mhimili wake, chuma kinachozungusha meno, umepinda, na ulipinda kabla haujaingia humu. Baba yenu alijifunza kuukaza ubao kwa nyonga, mimi nikajifunza kwake, Fundi akajifunza kwangu, na ndiyo maana husimama upande kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Katibu, ulipokuwa kijana ulikuwa ukikunja karatasi na kuipachika nyuma ya chuma cha kuongozea mbao. Hata wakati ule dawa yako ilikuwa karatasi. Kitinda hukata upana wa kidole zaidi, kisha huomba radhi kwa randa. Kila mmoja ana hila yake, na kwa hila yake ubao hutoka umenyooka. Ndiyo sababu anayekuwa mashineni husema msumeno mzima, akitoka akaingia mwingine husema mbovu, na vikao havitaisha hata mkialika wanasheria. Mmenyoosha mbao za watu kwa kujipinda wenyewe. Litazameni bega la kulia la dada yenu lilivyoshuka. Mlidhani ni umbile.

Katibu anataka mpya. Sikulaumu, mwanangu, kitu kipya kina uzinduzi, na uzinduzi una hotuba. Fundi anataka utengenezwe, anasema ni ukumbusho wa baba. Msumeno si kaburi la baba yenu. Kaburi lake mnalijua lilipo, na majani yameota juu yake. Yule mchomea vyuma mliyemleta amekwisha kuutazama, akawaambia mbele yangu kwamba mhimili unaweza kunyooshwa, lakini meza inayoushika imepasuka kwa chini, na chuma kile hakishonwi kama suruali. Ulimsikia, binti yangu. Hukutaka kumsikia, kwa sababu unaiogopa mashine iliyonyooka. Mkono wako umekulia kwenye kombo. Ukiwekwa mbele ya msumeno usiovuta utakata kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na wateja watakuona. Ni kweli. Utaharibu mbao, utanuna, utaitukana mashine ya watu haijakukosea lolote. Kubali. Aibu haikati vidole.

Sasa wewe, Kitinda. Njoo karibu, sikupigi, sina nguvu. Kuna kijana seremala anayeanza, ana mke mjamzito, ana vidole vyake vyote kumi, na umempatia "bahati". Nilikusikia ukimwambia kwenye simu kwamba msumeno ni mzima kabisa, unahitaji mafuta tu. Ukuta ni mmoja, baba, nimekwambia. Unahitaji mafuta tu! Maneno hayo hayo, neno kwa neno, ndiyo aliyoyasema baba yenu mdogo alipomletea kaka yake mashine ile, akijua mhimili umepinda, akapokea na ahsante, akanywa na chai. Baba yenu hakumsema. Damu ni damu, alisema, huku amefunga mkono kitambaa. Mimi ndiye niliyeacha kumjibu salamu, na nimefanya kazi hiyo kwa bidii mpaka leo. Ukimuuzia kijana yule, wewe ndiwe baba mdogo, na yeye ndiye baba yenu, na huko kwake kuna mwanamke atakayekaa nyuma ya ukuta akisikiliza kimya.

Unasemaje? Umeshampa neno? Neno la nani, lako? Basi kampe jingine, unayo mengi.

Sikilizeni amri yangu. Msiutengeneze. Msiuuze mzima, si kwa seremala, si kwa chuo cha ufundi, si kwa mtu anayesema atautoa vipuri tu, maana huyo ndiye atakayeuwasha wa kwanza. Uvunjwe. Uvunjwe hadi asiweze mtu kuuita msumeno, ukauzwe kwa mizani pamoja na masufuria mabovu. Tafuteni mwingine taratibu, na mpaka mtakapoupata kateni kwa mkono. Maseremala walikuwepo kabla ya umeme na nyumba zao zilikuwa na milango. Huo mpya ukija, asikanyage mtu pale kabla hajasahau hila yake. Katibu, hakuna karatasi nyuma ya chuma. Umenisikia.

Mwiteni baba yenu mdogo aje anizike. Mpeni kiti chenye mgongo, ni mzee sasa. Ugomvi wetu nauacha kwenye kitanda hiki, msiurithi, hauna faida. Nimemsamehe. Si sana, lakini inatosha kwa maziko.

Nipeni maji... Hapana, ya kulowesha mdomo tu... Nani amezima? Mbona kimya hivyo? ... Ah, mko hapa. Mko hapa wote.

Njooni. Leteni mikono. Si hivyo, ifungueni... nivishike vidole. Huyu... huyu... na huyu. Vipo. Mungu wangu, ulinipa watoto wazima, wazeeshe wakiwa wazima. Wafunge vifungo vyao wenyewe uzeeni. Wasigombane mbele ya watu... wakigombana, walale nyumba moja. Mkate wao usiwe na damu ya mtoto wa mtu. Nimewaridhia. Katibu, hata wewe na kamati yako... nimewaridhia.

Fundi... shusha bega, mama... lile jingine. Nyooka. Hivyo...

Nigeuzeni. Upande wa ukutani.

Mama yao alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Baba yao mdogo na jamaa wengine walipofika, walikuta waya wa umeme umechomolewa, Fundi na Kitinda wakiipiga nyundo meza ya msumeno kwa zamu, na Katibu, amevua koti, akibeba vipande kuvipeleka kwenye mkokoteni wa chuma chakavu.