Gundi na Wimbo Ambao Hakuuchanganya

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza na kuzaliwa kwake, niseme jambo ambalo mimi dada yake nimeshindwa kulifumbua: mdogo wangu, DJ aliyeweza kuipokeza rumba kwa rege, na rege kwa muziki wa hauzi, mchezaji asijue amevukia wapi, hakuwahi kupiga hadharani wimbo pekee ambao kaka yetu mkubwa aliurekodi na bendi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, kitindamimba wetu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, kisha akajifunza ufundi redio, na ni humo, katika kibanda kilichojaa moshi wa kulehemu, alimogundua kwamba nyimbo mbili za makabila tofauti zikienda mwendo mmoja hushikana mikono. Watu wakamwita Gundi, wakatania kwamba Gundi akishika mashine hata mama mkwe anavua viatu.

Mwaka 1992 mwenye ukumbi alimokuwa akipiga kaka, alipoona mtu mmoja na mashine zake anajaza watu kuliko bendi nzima, aliiondoa bendi na kumweka Gundi, naye akakubali, kaka akatundika gitaa na kurudi kwenye cherehani, na tangu hapo wakawa wanasalimiana misibani tu. Simhukumu yeyote, njaa ya kijana haichagui mlango, na donda la mkubwa halipoi kwa kupulizwa.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wifi yangu huyu, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Wifi anasema alikuwa akiujaribu wimbo ule nyumbani kila mara, kisha anavua vipokea sauti na kulalamika, "Mpiga ngoma wa kaka anakimbia na kupunguza mwendo atakavyo, wimbo haushikani na kitu!" Kaka yeye aliamini ni dharau, akisema, "Anapiga hata kengele ya baiskeli, wangu hapana." Wengine walisema ni aibu, mimi sijui, na wa kumuuliza ndiye huyu tuliyemzunguka.

Alianza kuugua moyo Agosti 2022, hali ikabadilika mwaka huu, na Jumatatu iliyopita kaka alifunga cherehani akaenda hospitali, akakuta saa za kuona wagonjwa zimekwisha, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake alfajiri, Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, mdogo wangu akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia spika zake miaka yote bila kutupa hata jiwe moja batini, na DJ wenzake, ambao jana walijitolea kuuunganisha wimbo ule na nyimbo alizozipenda, wakisema kompyuta siku hizi inaweza. Familia ilikaa, ikakataa kwa upole, ikaamua upigwe mzima, peke yake, ukimbie na kupunguza utakavyo, kwenye mashine yake, kabla jeneza halijatoka nyumbani. Leo asubuhi kaka, aliyeingia sebuleni kwa Gundi kwa mara ya kwanza, aliifuta santuri kwa kipande cha kitambaa alichotoka nacho kazini, akashusha sindano mwenyewe, akasimama pale mpaka ilipofika mwisho, akaiinua.

Pumzika kwa amani, Gundi.