Makofi ya Jeneza

Kwenye basi la kupanda kilima cha Croix-Rousse, hapa Lyon, mama mmoja alimgeukia mzee aliyekaa pembeni yake. "Umefanana mno na Lucien Vasselin, yule mwigizaji wa jukwaani na sinema. Maskini, alikufa Machi."

"Vasselin ni mimi, mama."

"Acha utani, mzee wangu! Nilikuwepo kanisani. Jeneza lilipotoka tulilipigia makofi mpaka viganja vikauma."

Huku kwetu waigizaji huagwa hivyo, hata na waliosinzia kwenye maonyesho yao.

"Huyo alikuwa Gaspard Thévenon," mzee akasema. "Tumeigiza pamoja miaka thelathini, na watu walikuwa wakituchanganya kila siku. Siku anazikwa, mimi nilikuwa nimelazwa hospitali."

"Nikosee mimi? Vasselin nimemtazama mara kumi na moja!"

Mama wa Lyon akishakulilia, usitegemee akuruhusu ufufuke. Mzee akageukia dirisha. Vituo viwili vikapita kabla hajauliza, kwa sauti ya chini, "Watu walikuwa wengi?"

"Walijaa mpaka barabarani!"

Basi likasimama. Mzee akainuka, akavua kofia, akamwinamia kidogo.

"Asante kwa kuja," akasema, akashuka.